Kutoka Misuna Hadi Ng'ambo ya Mpaka: Namna ya Kufika na Mali Yako

Anayeondoka stendi ya Misuna, Singida, kwa basi kwenda nchi jirani ana njia tatu kubwa. Moja hupanda kaskazini kupitia Katesh na Babati hadi Arusha, kisha Namanga na Nairobi. Nyingine huelekea magharibi, ikashuka mlima wa Sekenke, ikapita Shelui, Igunga na Nzega hadi Kahama, halafu ikaendelea mpaka Rusumo kwa wanaokwenda Kigali au Kabanga kwa wanaokwenda Burundi. Ya tatu ni ya wanaokwenda Kampala: hao huzunguka Ziwa Victoria upande wa magharibi hadi Bukoba, wakavukia Mutukula. Wapo wachache wanaokwenda mbali zaidi, kupitia Tunduma na Lusaka hadi Johannesburg, safari ya siku kadhaa ndani ya kiti kimoja.

Wasafiri hawa ni watu wetu. Ni mfanyabiashara wa vitunguu anayefuata deni lake Nairobi, kijana wa Kiomboi anayekwenda chuo Kampala, mama wa Ikungi anayekwenda kumwona binti aliyejifungua Kigali. Wengi wanavuka mpaka kwa mara ya kwanza, na wengi wamebeba fedha ambayo nyumbani ilichukua msimu mzima kupatikana. Ndiyo maana naliandika jambo hili kwa urefu.

Ukizungumza na watu walioibiwa safarini utagundua kwamba hadithi zao zinafanana. Mtu aliishikilia mali yake kwa saa kumi na tano, akaiachia kwa dakika moja, na dakika hiyo hiyo ikaondoka. Wengi huita mkosi. Mimi sioni hivyo. Kibaka wa stendi hafuati bahati. Anajua dakika ambazo abiria yeyote, hata mjanja, akili yake inavutwa mahali pengine. Dakika hizo ni za kupanda basi, za kushuka kuchimba dawa, za kugonga muhuri mpakani, za kubadilisha fedha, na zile za kwanza baada ya kufika mji mgeni. Huwezi kukaa macho safari nzima, na anayejaribu hufika mpakani amechoka kuliko mwenzake aliyelala. Pumzika barabara inapokuwa ndefu na basi linakwenda. Nguvu zako ziweke kwenye dakika hizo chache.

Kazi kubwa hufanyika nyumbani kabla ya kwenda stendi. Kwanza, gawa fedha. Weka fungu dogo la njiani kwenye mfuko ulio rahisi kufikika, la chakula, maji na choo, ili usilazimike kufunua fungu kubwa mbele ya watu kwa sababu ya chupa ya maji. Fungu kubwa likae mwilini, chini ya nguo. Mama zetu wamekuwa wakifutika fedha kibindoni miaka yote, na hadi leo sijaona mkoba wa dukani unaoshinda kibindo kilichofungwa vizuri ndani ya nguo ya pili. Kwa mwanamume, mpelekee fundi cherehani suruali utakayosafiri nayo akushonee mfuko wa ndani wenye zipu, mbele, karibu na mkanda. Ni kazi ya muda mfupi na ya bei ndogo. Kisha weka fungu la tatu, la dharura, mahali tofauti kabisa na hayo mawili: nauli ya kurudi nyumbani na kadi ya benki kama unayo. Fungu hili usiliguse kwa jambo lingine lolote.

Afadhali zaidi ni kutobeba fedha nyingi kabisa. Ada ya chuo ilipwe benki kabla ya mwanafunzi kuondoka. Mfanyabiashara aulize kwenye kampuni yake ya simu kama anaweza kutuma fedha kwa mtandao wa nchi anayokwenda. Kati ya Tanzania na Kenya huduma hiyo ipo. Najua wapo wanaoamini fedha taslimu tu, na naelewa sababu, kwa kuwa mtandao ukikataa ukiwa ugenini unaweza kulala njaa. Lakini fedha ikitoweka garini hairudi, wakati mtandao uliokataa asubuhi huwa umerudi jioni.

Pili, andika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na simu ni mali. Bonyeza *#06# uandike ile namba ya tarakimu 15 inayotokea. Piga picha pasipoti au hati yako ya dharura ya kusafiria, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kitambulisho cha NIDA na tiketi. Usiziache picha hizo kwenye simu yako peke yake, kwa maana simu ndiyo itakayoibwa kwanza. Mtumie mtu mmoja nyumbani unayemwamini, pamoja na jina la kampuni ya basi na namba ya gari. Mtu huyo atakufaa zaidi ya unavyodhani, na nitamrudia.

Tatu, simu yenyewe. Tangu huduma za fedha zilipoingia kwenye simu hapa Tanzania mwaka 2008, mwenye simu yako ameikaribia akiba yako. Wengi hufunga simu kwa alama ya kidole wakasahau kwamba laini hutolewa ikawekwa kwenye simu nyingine kwa muda mfupi tu. Weka namba ya siri kwenye laini pia, si kwenye simu pekee, ili mwizi akiihamisha imwombe namba asiyo nayo. Ile namba ya PUK iliyokuja na kadi ya laini iache nyumbani kwa mtu wako. Na namba ya siri ya kutolea fedha isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, kwa sababu pasipoti itakayoibwa pamoja na simu imeuandika wazi.

Sasa twende stendi. Ukishuka kwenye bajaji na mabegi mawili, vijana watano watakuzunguka, kila mmoja akitaja mji. Wengi ni wapiga debe wanaotafuta riziki, na si haki kumwona kila mmoja mwizi. Ila vurugu yao ndiyo kivuli anachokaa kibaka. Mmoja anavuta begi kulia, mwingine anakuuliza swali kushoto, wa tatu yuko nyuma yako na husikii mkono wake. Kwa hiyo kata tiketi mapema, kwenye ofisi ya kampuni au kwa mfumo wa kielektroniki, tiketi yenye jina lako na namba ya kiti. Mwenye tiketi mkononi haulizi, na asiyeuliza hana wa kumzunguka. Fika mapema na mzigo unaoweza kuubeba mwenyewe kwa mikono yako miwili. Ukizidi hapo umeshamhitaji msaidizi usiyemjua, na hilo ni tatizo ulilolitengeneza nyumbani.

Hapa niseme jambo linalotuhusu sisi wa mikoa ya kati. Tumelelewa kuitikia salamu na kumpokea mgeni. Kijana akikwambia, "Shikamoo mama, nikusaidie begi," moyo unalainika, na kumkatalia unaona kama ni kumdhalilisha. Matapeli wanalijua hilo; salamu nzuri ndiyo zana yao ya kwanza. Huna haja ya kumfokea. Itikia marahaba yako kamili, kisha sema, "Ahsante mwanangu, nimezoea kubeba mwenyewe," huku ukitembea. Usisimame. Mazungumzo yoyote ya stendi yanayokufanya usimame na kuweka begi chini yana gharama.

Ipo pia michezo inayorudiwa kila stendi kubwa, kuanzia kituo cha Magufuli pale Mbezi hadi Nairobi. Mtu anapita mbele yako na bahasha inaanguka. Mwingine anaiokota, anakuonyesha noti, anakuomba mwende pembeni mgawane. Mwenye bahasha anarudi akilia, na mwisho wake mnatakiwa kuonyesha fedha zenu kuthibitisha kwamba hamkuchukua zake. Ukiona fedha inaanguka, mwite mwenyewe kwa sauti na uendelee na safari. Mwingine atakumwagia soda, akimbilie kukufuta. Wakati anakufuta mbele, mwenzake anakupekua nyuma. Nguo iliyochafuka utaisafisha ukishakaa kwenye kiti.

Mlangoni mwa basi ndipo watu wengi huchomolewa. Mikono yako miwili imeshika kitu, anayekutangulia amesimama ghafla ngazini kana kwamba amesahau jambo, na nyuma unasukumwa. Ule msukumano mara nyingi umepangwa. Acha kundi lipite. Kiti chako kina namba na hakuna atakayekikalia kihalali. Panda mwishoni, begi la mgongoni likiwa kifuani.

Mzigo mkubwa ukiingia kwenye buti, omba lebo au risiti yake, uangalie umewekwa upande gani na karibu na nini. Begi jeusi lisilo na alama lina mapacha kumi ndani ya buti, na anayelichukua akikamatwa atasema alidhani ni lake. Lifunge kitambaa cha rangi kali, kipande cha khanga kinatosha. Ukiweza kuchagua kiti, chagua cha upande ambao buti iliyobeba mzigo wako hufunguliwa, ili uone kinachoshushwa kila kituo. Vitu vya thamani visiingie humo hata kama begi lina kufuli. Kufuli dogo humzuia mtoto tu, na zipu hufunguliwa kwa ncha ya kalamu bila kufuli kuguswa.

Ndani ya basi, begi dogo likae miguuni, mkanda wake umeuzungusha kwenye mguu. Ukilazimika kuliweka kwenye keria ya juu, liweke upande wa pili wa njia, mbele kidogo ya kiti chako. Wengi huweka juu ya vichwa vyao wakiamini ni karibu, lakini huko ndiko wasikokuona. Aliyekaa kiti cha nyuma hulifungua kwa utulivu, akatoa anachotaka, akalirudisha. Na simu isishikwe dirishani basi likiwa limesimama. Pale wanapouza kuku na asali kupitia dirishani, au kwenye foleni ya kuingia Nairobi, mkono mmoja tu unatosha kuikwapua.

Mabasi yetu yalikatazwa kutembea usiku tangu miaka ya 1990, na zuio hilo liliondolewa mwaka 2023. Imekuwa nafuu kwa biashara, lakini imeleta kitu ambacho kizazi kizima cha abiria hakikukizoea: gari zima limelala, taa zimezimwa, na mtu anashuka njiani saa nane za usiku akiwa na begi ambalo hakuna aliyelitazama. Kabla ya kulala hamisha simu na pasipoti ziende mwilini. Basi likisimama, fumbua macho, utazame nani anashuka na amebeba nini, kisha uendelee na usingizi. Na likisimama kwa ajili ya kuchimba dawa, usiache kitu cha maana kitini hata kama unakwenda kichakani hapo karibu. Kumwomba jirani akulindie begi ni sawa ikiwa begi lina nguo. Likiwa na fedha, umemtwisha mzigo usio wake, na kama kuna kitu kitapotea mtashindwa kutazamana machoni hadi mwisho wa safari.

Chakula na kinywaji kutoka kwa mtu usiyemjua ni suala zito zaidi, kwa sababu hapo hutishiwi mali tu. Kuna watu hupanda basi kama abiria wa kawaida, wakazungumza vizuri kwa saa mbili, wakatoa biskuti au juisi yenye dawa ya usingizi. Kenya mchezo huo wa kuwekea mtu dawa kwenye kinywaji wanauita mchele. Aliyepewa huamka hospitali, wakati mwingine haamki. Kukataa chakula kwetu ni jambo gumu, najua. Sema, "Ahsante sana, nimeshiba," na urudie hivyo hivyo akisisitiza. Mwema hatasisitiza mara ya tatu. Chupa yako ukiiacha kitini wakati wa kushuka, imwage na ununue nyingine. Na ukiona abiria mwenzako haamki hata akitikiswa, usiseme amelewa. Mwite konda, mwombe dereva asimame penye kituo cha afya, mtazameni pumzi njiani na mlazeni ubavu. Angalieni pia nani alikaa naye na ameshukia wapi.

Tumefika mpakani, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi wa watu wetu hupoteza vitu. Unashuka umechoka, konda anawaharakisha, huna uhakika wa utaratibu, na unaogopa kuachwa. Uoga huo ndio unaokula mali yako, na dawa yake ni kujua utaratibu kabla. Namanga, Rusumo, Kabanga na Mutukula ni vituo vya pamoja siku hizi. Maana yake ni kwamba ukitoka Tanzania unavuka kwanza, halafu kwenye jengo la upande wa pili unawakuta maofisa wa nchi zote mbili, unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia mahali pamoja. Basi hukaguliwa na kuwasubiri. Halitaondoka abiria nusu wakiwa kwenye foleni, ila muulize konda mapema: litasimama wapi, kwa muda gani, na namba yake ya simu ni ipi. Ukivuka Rusumo au Kabanga kumbuka pia kwamba saa ya Rwanda na Burundi iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Abiria wamewahi kuhangaika bure, au kuchelewa kweli, kwa sababu ya kusoma saa tofauti na dereva.

Pasipoti yako unaitoa kwa ofisa aliye nyuma ya dirisha au aliyevaa sare, na kwa huyo tu. Vishoka wa mpakani watakwambia foleni ni ndefu, wape pasipoti na kiasi kidogo, wakugongee haraka. Ukishampa hati yako, ameshika safari yako nzima, na bei itapanda. Hivyo hivyo kwa kadi ya manjano: chanjwa kwenye kituo kinachotambulika kabla ya safari. Kadi ya kununua mpakani inaweza kukuingiza kwenye kesi ya kughushi, na haikukingi na ugonjwa.

Wanaokwenda Kigali wasifungashe nguo kwenye mifuko ya plastiki. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, Kenya ikafuata mwaka 2017 na sisi mwaka 2019. Pale Rusumo ukaguzi ni wa kweli. Mifuko ikichukuliwa utabaki umekumbatia vitu vyako mikononi katikati ya watu, na hakuna hali mbaya kuliko hiyo ya kuchunga mali.

Kubadilisha fedha ndiyo dakika hatari kuliko zote, kwa kuwa hapo wewe mwenyewe unaitoa fedha hadharani. Ingia benki au duka lenye leseni kila inapowezekana. Kabla ya kuondoka Singida uliza kiwango cha siku hiyo, ufanye hesabu kwenye karatasi ujue kwa shilingi zako unapaswa kupata kiasi gani. Usitegemee kikokotoo cha mtu mwingine, vipo vilivyochezewa. Ukilazimika kwa wa mtaani, badilisha kiasi kidogo tu cha kukufikisha, na uende na mwenzako wa basini. Hesabu fedha yake kwanza, noti kwa noti, yako ikiwa bado mkononi mwako. Kisha ushike sana jambo hili: ukishahesabu, fedha hiyo isirudi tena mikononi mwake. Mchezo wao ni kukupa pungufu makusudi, wewe ulalamike, aombe aongeze noti moja, na katika kuzichukua na kuzirudisha anakunja nusu kwenye kiganja. Unarudishiwa noti iliyoongezwa juu kabisa, unaridhika, na chini pamepungua. Akizigusa tena, anza kuhesabu upya hadi mwisho, hata dereva akipiga honi.

Ukishavuka kwenda Rwanda au Burundi magari yanashika kulia. Mlango wa basi letu uko kushoto, hivyo unaweza kushukia upande ambao magari yanapita. Tazama barabara kwanza, begi baadaye.

Kufika ni dakika ya mwisho na watu hushusha silaha hapo, kwa kuwa wanaona safari imekwisha. Nyabugogo ya Kigali, stendi ya Kisenyi pale Kampala na mitaa ya River Road na Accra Road jijini Nairobi zote zina watu wengi na zote zina wanaomtazama anayeshuka akizungusha macho. Amua ukiwa bado ndani ya basi: nani anakupokea, amevaa nini, mnakutana ofisi gani. Asiyekuwa na mwenyeji achague nyumba ya wageni kabla, na ikiwa basi linafika usiku mkubwa aulize kama anaweza kukaa ofisini mwa kampuni hadi kupambazuke. Ukipotea usisimame njiani na simu mkononi ukitafuta ramani. Ingia dukani, nunua maji, uliza humo. Kiswahili chako kitakufaa Nairobi, na kwa kiasi Kigali, Bujumbura na Kampala, ila lafudhi itakutambulisha kuwa mgeni. Hilo si la kuogopa, ni la kujua. Wanaofika Johannesburg waingie garini mwa mwenyeji moja kwa moja kutoka Park Station, wasitembee na mabegi mitaa ya jirani.  

Kuna jambo moja lazima niliseme wazi kabla sijafika kwenye yanayofuata baada ya wizi. Ukigundua umeibiwa, usipige kelele ya "mwizi!" stendini. Katika nchi zetu hizi neno hilo linaua. Watu hawatakuuliza ni nani na amechukua nini. Watampiga aliye karibu au anayekimbia. Ripoti za kila mwaka za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimekuwa zikieleza mauaji ya aina hiyo hapa kwetu, na miongoni mwa wanaouawa hivyo wamo wasio na hatia. Simu haina thamani ya mtu, hata mtu aliyeiba simu. Mshike konda mkono, mwambie kwa sauti ya kawaida asifungue mlango au asiondoe gari, na aitwe polisi. Stendi nyingi kubwa zina polisi, na mipakani wapo pande zote mbili.

Kama kilichoibwa ni simu, jambo la kwanza ni laini, kabla ya kumtafuta mwizi. Azima simu ya abiria mwenzako umpigie yule mtu wako wa nyumbani, naye apige namba 100 kwa laini ya kampuni hiyo hiyo unayotumia wewe na kuomba laini na akaunti ya fedha vifungwe. Yeye yuko Tanzania na ana taarifa zako zote, kwa hiyo atafanya kwa dakika chache kile ambacho kwako ugenini kinaweza kuchukua nusu siku. Awatahadharishe na ndugu pia. Mwizi mwenye simu iliyo wazi huandikia majina yaliyomo: nimekwama mpakani, tuma hela kwa namba hii. Kubalianeni kabla ya safari swali moja ambalo jibu lake mnalijua ninyi tu, na asiyelijibu asitumiwe hata shilingi. Ujumbe wa namna hiyo kutoka namba ngeni utumwe kwenda 15040, namba iliyotengwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa ajili ya kuripoti utapeli.

Kisha nenda polisi katika nchi ambako wizi umetokea, hata kama basi linataka kuondoka. Usipofanya hivyo ukisubiri kuripoti Singida, utaambiwa tukio halikutokea hapa. Omba maandishi: Tanzania utapewa namba ya RB, Kenya namba ya OB. Karatasi hiyo ndiyo utakayoionyesha ubalozi wetu Nairobi, Kigali, Kampala au Bujumbura kama pasipoti imekwenda, ili upewe hati ya dharura ya kurudia nyumbani. Ndiyo utakayowapa kampuni ya basi kama mzigo wenye risiti umepotea kwenye buti. Wakikataa kukusikiliza, peleka malalamiko LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ukiwa na tiketi, risiti ya mzigo na namba ya gari. Bila hivyo vitatu malalamiko yako yatakuwa maneno matupu. Ukisharudi, nenda kwenye duka la kampuni ya simu na namba yako ya NIDA urudishiwe laini, ubadilishe namba zote za siri, na ubonyeze *106# uone kama kuna laini nyingine iliyosajiliwa kwa jina lako ukiwa hujui.